Upande wa Nyuma wa Karangamuntu

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Efrazia alipita kwenye chumba cha intaneti cha Sudi, nyuma ya soko la Gitega, kufungua barua pepe yake. Ilikataa. Aliandika neno la siri tena, herufi moja moja, kama anavyowaandikia watoto wa darasa la kwanza ubaoni. Ikakataa tena.

Sudi alisogeza kiti, akamuuliza ameweka nini humo. Efrazia alimjibu kwa aibu: picha ya karangamuntu yake, yaani kitambulisho chake cha uraia, cheti cha ubatizo, na karatasi waliyopewa mpakani siku ya kurudi kutoka ukimbizini. Marehemu baba yake aliangusha karatasi zote mtoni walipokimbia, na miaka yote kambini Tanzania alikuwa akisema karatasi ikae mahali ambapo mtu hawezi kuiangusha akikimbia. Efrazia alipoijua intaneti, alidhani amepapata mahali hapo.

"Na ile swali ya kukusaidia ukisahau," Sudi alisema, "ulijibu nini?"

"Kilima cha baba."

"Rusimbi."

"Umejuaje?"

"We dada! Hata mama mwenye anauza ndizi apo inje anajua Rusimbi yako."

Ilikuwa kweli. Kambini watoto walifundishwa kutaja kilima chao, yaani kijiji cha asili yao, kabla ya kufundishwa kuhesabu, ili siku ya kurudi wasipotee. Efrazia alikitaja kwa kila aliyemuuliza anatoka wapi, na kwa wengi ambao hawakumuuliza.

Sudi alihangaika mpaka akaifungua, wakabadilisha kila kitu. Lakini picha zilikuwa zimekwisha kutumwa kwenye anwani isiyo na jina la mtu.

Jumapili hiyo mama yake, Dorotea, hakupiga simu. Alikuwa akipiga kila Jumapili kutoka Rusimbi, huko Mwakiro, kuuliza binti yake atakuja lini. Jioni Efrazia alipiga mwenyewe. Mama alimwambia kwa upole asijisumbue na safari, kwa kuwa Efrazia ameshafika, yuko shambani anapalilia maharage.

Shule ilipofunga mwisho wa juma, Efrazia alipanda basi hadi Muyinga, kisha pikipiki hadi Mwakiro.

Mwanamke aliyemkuta uani alikuwa anapepeta maharage. Alikuwa na uso wa Efrazia, nywele zilizosukwa kama siku ya picha ya karangamuntu, na ile blauzi yenye kola aliyoiazima kwa ajili ya picha. Begani alikuwa na nusu duara ya muhuri wa zambarau, ambayo haikutoka kwa sabuni. Rangi ya ngozi yake ilikuwa ya kijivu kidogo, kama ya mashine ya kopi inayoishiwa wino. Mgongoni, kuanzia kisogoni hadi visiginoni, alikuwa mweupe mtupu, kwa sababu Efrazia alikuwa amepiga picha upande mmoja tu wa kadi.

Majirani walikwisha kuzoea. Kastori, ambaye shamba lake linapakana na la mama, alipita na jembe begani akamsifu yule mwanamke mbele ya Efrazia. Huyu, alisema, anaongea Kirundi cha watu. Tangu familia iliporudi, Kastori alikuwa akimwita Efrazia Mtanzania, na watoto wake walikuwa wakiigiza matamshi yake huku wakicheka. Huyu wa kijivu hawakumcheka. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi, maana alionekana kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka.

Uso, Efrazia angeweza kumwachia. Kilichomchoma ni mrija. Mama alitoa mtungi wa pombe ya mtama, wakakaa watatu kuuzunguka. Mrija wa Efrazia, uliofungwa uzi mwekundu, mama alimpa yule mwingine bila hata kutazama, kama mtu anavyohamisha kitu kutoka mkono huu kwenda ule. Efrazia akapewa mrija wa wageni. Akanywa. Pombe ilikuwa nzuri, na hilo nalo likamuuma.

"Mama," alisema, "mimi ndiye Efrazia."

"Najua, mwanangu."

"Sasa huyu?"

"Huyu yupo." Mama alimpangusa yule mwanamke kidevu kwa ncha ya kitenge. "Ila usiku anasikia baridi mgongoni. Analia. Huko nyuma ya karangamuntu kumeandikwa nini?"

"Jina la baba, na lako. Na kilima."

"Basi si umtumie?"

Efrazia alirudi Gitega bila kuahidi kitu. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Kila akijifunika blanketi alimfikiria yule mwingine akitetemeka, akafurahi. Kisha akaona haya kwa kufurahi, akafurahi tena. Alimwona akisuguliwa mikono na mama. Alimwona akiandaliwa uji. Siku mvua ilipochanganyika na mawe, aliacha sahani yake ikiwa imejaa. Akatoa karangamuntu kwenye pochi, akaenda nayo kwa Sudi, akaigeuza kifudifudi juu ya mashine.

Sudi aliisoma ile anwani isiyo na jina la mtu.

"Dada, we mwenyewe sasa unajiiba."

"Ana baridi," Efrazia alisema.

Picha ikaenda.

Jumapili simu ililia mapema, kabla hajatoka kwenda misani. Sauti ya mama ilikuwa changamfu. Alisema ameambiwa apige namba hii kushukuru. Binti yake sasa analala usiku kucha, mgongo umepata rangi, na jana Kastori amemletea mkungu wa ndizi.

Efrazia alisema amefurahi kusikia hivyo. Kuku wa nyumbani walisikika kwa mbali.

"Na wewe, binti," mama aliuliza, "wewe ni wa kilima gani?"

Efrazia alikitaja kwa sauti safi, kama alivyofundishwa.

"Rusimbi? Kumbe tu majirani," mama alisema. "Siku ukipita huku, ingia unywe. Mrija wa wageni tunao."