Inyamanza kwenye Paking ya Gulfton

Tangu Nazaire amtoe mama yake kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kumleta Houston, Marekani, mtaa wa Gulfton, bibi Scholastique hakuwa ametia mguu nje ya mlango. Alikaa kwenye kochi, blanketi mabegani, akionja uji vijiko viwili na kulisukuma bakuli. "Nirudisheni," ndilo lilikuwa neno lake asubuhi na jioni. Mke wa Nazaire, Marie-Goretti, ndiye aliyeshinda naye, na roho ilikuwa juu juu. Mzee asiyekula, kwenye baridi hii ya Januari, ataishia wapi? Mama mkwe akikufia mikononi, ndugu zake utawaambia nini?

Basi siku moja akatoka kutupa takataka, na pale kwenye paking ya jengo lao, dimbwini kando ya pipa, akamwona ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, anakimbia huku anatikisa mkia. Marie-Goretti alibaki kasimama na mfuko mkononi. Inyamanza, jamani! Yule ndege wa nyumbani Burundi anayetua uani na asitupiwe jiwe na mtoto yeyote, maana akikaa kwenu, basi kwenu pamekubalika.

Akarudi mbio. "Mama, inyamanza yuko nje."

Bibi hakugeuka. "Inyamanza, huku? Mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga."

Akaenda kumpiga picha kwa simu, akamletea. Bibi akaitazama, akairudisha. "Picha hutoka popote." Mgumu huyo mama, usiombe.

Sasa picha ile Marie-Goretti alikuwa ameirusha pia kwenye kundi la kwaya, na kwaya haijui kutunza siri. Kesho yake paking ikajaa wageni wenye kamera za midomo mirefu. Jengo zima likafunga mapazia. Watu wa uhamiaji hao, walinong'onezana majirani, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wenye zamu hawakwenda kazini. Marie-Goretti naye alijifungia ndani, na karatasi zake zote ni halali. Lakini alipochungulia akaona kamera zote zimeelekezwa dimbwini. Hamu ya kujua ikaushinda woga, akatoka.

Mama mmoja wa kizungu, kofia ya sufu kichwani, aliyeiona picha mtandaoni akaendesha gari toka Dallas kuja kumtazama ndege, akamweleza. Ndege huyu si wa Afrika. Hao wa Burundi ni binamu zake tu. Yeye kwao ni kaskazini ya mbali, Siberia, kwenye barafu, na kumwona Texas ni bahati ya mtende. Amepotea njia. Huenda asifike tena kwao.

Moyo ukamwanguka Marie-Goretti. Akidanganya, bibi atamjua. Akisema kweli, kwamba kapotea na harudi, si ndiyo atakuwa amemmaliza? Akaingia ndani, akasema yote, macho chini.

Bibi Scholastique akamgeukia. "Ametoka kwenye barafu?"

"Ndiyo, Mama."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na anakula?"

"Anakula. Vidudu vya dimbwini. Hapumziki."

"Na mkia?"

"Anautikisa kama wa kwetu."

"Hao waliosema amepotea, wamemuuliza?" Bibi akalitupa blanketi, akatoka na ndala zake.

Wageni wakampisha. Yule mama wa Dallas akamshushia darubini, na bibi akainama pale muda mrefu, mdomo wazi. Ghafla ndege akaruka, akapita juu ya uzio na kushika njia ya mtaa wa pili, Sharpstown. Wageni wakaguna, wakaanza kukunja vyombo vyao. Bibi yeye akashika njia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nataka nijue amepanga wapi."

Marie-Goretti akamfuata na koti, anahema. Ndege hawakumwona tena. Walikuwa wamevuka barabara kubwa bibi aliposimama, akashika tumbo, akauliza kama mitaa hii kuna mtu anauza chakula cha moto.

Marie-Goretti akageuka pembeni kwanza, akafuta machozi, ndipo akamjibu. "Kipo, Mama. Twende."