Taa ya Ngongoti

Mtu akikuambia Baba Ngongoti hana maoni kuhusu taa, mjibu: hukuwapo dukani siku ile. Mwanamume aliyekula miaka yote bila kujua sahani zake zina rangi gani! Siku hiyo kila kitu alikitia kasoro. Taa ya duara ya kubandika darini: "Hii si taa, ni kifuniko cha sufuria." Ya mraba yenye ukingo wa dhahabu: "Tutakula kama watu wanaosubiri kung'olewa meno." Binti wa dukani alicheka hadi akashika kaunta. Mama Ngongoti hakucheka.

"Baba Ngongoti, nimesema nataka ya kubandika. Isiyoning'inia."

"Hata hii?" Mumewe alikuwa ameinua taa ya kioo cha buluu yenye waya mrefu. "Ona ilivyo maridadi. Inashuka mpaka juu ya meza."

"Ndiyo maana siitaki."

Sababu waliijua wao wawili tu. Mambo mengine ukiwaambia majirani, watakuonea huruma huku wakivuta viti mbali nawe.

Walikuwa na mtoto mmoja, dereva wa lori, kijana mrefu mpaka mtaa mzima ukamwita Ngongoti, kama ile miti mirefu ambayo wachezaji hujifunga miguuni. Kila jioni akirudi kazini alikatiza chumba cha kulia akimbilie jikoni kufunua sufuria, na kila jioni aligonga kichwa kwenye taa ya bati iliyoning'inia juu ya meza. Pwa! "Mama, hii taa yako ina ugomvi na mimi!" Na mama kutoka jikoni: "Inama, mwanangu!" Wakati chakula kinaletwa, taa ilikuwa bado inabembea, vivuli vya viti vikipanda na kushuka ukutani. Mwaka jana, wakati wa mvua, lori lake lilipinduka. Hakurudi.

Wageni wa msiba walipoondoka, mume na mke waliingia chumba kile pamoja. Wakaikuta taa inabembea. Madirisha yamefungwa, nyumba haina mtu. Mama Ngongoti, ambaye tangu mazishi alikuwa anaishi kwa maji na machozi, aliketi akala. Na baada ya hapo ikawa karibu kila jioni: anatoka jikoni na bakuli mikononi, anakuta taa inabembea, mumewe ameshaketi, mikono mapajani. Tangu msiba mzee huyu alikuwa amepata adabu mpya ya kutangulia kupanga sahani. Mama aliongeza ya tatu.

"Umefika, baba," alikuwa akimwambia mwanawe. Alizipenda jioni zile, na zilikuwa zinammaliza. Hakutoka tena nyumbani jua likishuka. Dada yake aliugua, hakwenda kumwona, maana mtoto angefika akute kiti cha mama kitupu. Mwishowe akajiambia kwamba kijana amechoka. Kila siku analetwa kugonga kichwa, na anayemshikilia ni mimi, mama yake. Taa ikiondoka, atapumzika. Akapiga moyo konde, akamwambia mumewe waende wakachague nyingine. Mumewe akauliza ile ya zamani ina ubaya gani.

Dukani alishinda mama. Walitoka na taa ya kubandika, sahani pana ya kioo cheupe, ukingoni ina nakshi za majani, kitu kizuri kwa kweli. Fundi umeme, jirani yao wa nyumba ya pili, akaja na ngazi. Alishusha ile ya bati, akauliza aitupe wapi.

"Stoo!" Baba Ngongoti alisema kabla fundi hajafunga mdomo.

Taa mpya ikabanwa, ikawashwa. Chumba kikawa cheupe hadi pembeni, meza ikaonyesha mikwaruzo yake yote. "Mnaona?" fundi alijisifu. "Sasa hata mtu awe mrefu namna gani, anapita." Masikini, hakujua amekanyaga wapi. Alikunja waya zake, akaaga.

Jioni Mama Ngongoti aliingia jikoni kupika. Alitaka kuona mtoto amepumzika. Alitaka pia, Mungu amsamehe, akute hajapumzika. Alishindwa kusubiri, akabeba bakuli na kuingia mapema kuliko kawaida yake.

Baba Ngongoti alikuwa amesimama kando ya meza, amefumba macho, mkono ameunyoosha juu, pale ilipokuwa taa ya bati. Mkono ulisukuma hewa, ukarudi, ukasukuma tena.

Bakuli lilitua mezani kwa kishindo. "Ni wewe," alisema. "Siku zote ni wewe!"

Mzee hakukana. "Jioni ya pili taa ilikuwa imetulia. Ukaiangalia, ukarudisha kijiko chini. Nikaona nitazika wawili. Ya tatu nikaisukuma."

"Mwaka mzima nazungumza na mkono wako! Umenifanya kichekesho ndani ya nyumba yangu!"

"Sijawahi kucheka. Nilikuwa nafumba macho, naisukuma, halafu nafumbua. Nione kama aliyepita ni yeye."

Mama alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia. Akabaki amesimama. Kisha akakumbuka siku wageni wa msiba walipoondoka.

"Na ile jioni ya kwanza?"

"Ya kwanza tuliingia pamoja, Mama Ngongoti. Nilikuwa nimekushika. Mikono yote miwili."

Mama alikwenda stoo, akarudi amekumbatia taa ya bati, vumbi kifuani. "Kamwite fundi."

Fundi alikuja akilalamika njia nzima. "Nyinyi wazee mmeniona mimi mpira?" Lakini alipoziona nyuso zao alipanda ngazi, akairudisha taa palepale, kwa waya uleule, akaondoka bila kuaga.

Waliketi wakitazamana, mikono yote minne juu ya meza, kila mmoja amemshika mwenzake ili asiwepo wa kushukiwa. Taa ilining'inia wima. Chakula kikaacha kufuka moshi. Nje lori lilipita, likabadilisha gia, na kucha za mama zikazama kwenye ngozi ya mumewe. Lori likaenda zake. Taa haikutikisika.

"Haji," alisema Baba Ngongoti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia mbele ya mkewe, kwa sauti.

Mama Ngongoti aliutoa mkono wake taratibu. Akasimama, akaisukuma taa kwa kiganja, kwa nguvu, kama kichwa cha mtu mrefu mwenye njaa. Vivuli vikapanda ukutani.

"Inama, mwanangu," alisema.

Sahani ya tatu aliirudisha kabatini. Akampakulia mumewe, akajipakulia na yeye, wakala chakula kilichopoa. Walipomaliza, taa ilikuwa bado inabembea.