Mkanda Ndio Uliokunywa

Clémence alipiga simu tukiwa tumekwama kwenye theluji kusini mwa Buffalo. Alimwambia kaka yake, Donati, kwamba nesi amesema tusiitegemee kesho. Mama bado anawatambua watu, alisema, ila akilala anachelewa sana kuamka. Donati akaitika "sawa," akairudisha simu mfukoni polepole, kama vile ingemwagika.

Nilikuwa nimemchukua kwake Linden, kule Columbus, nikitokea Louisville. Tulijuana kiwandani Jeffersontown tukipanga maboksi, kabla hajahamia Ohio kufuata nyumba za kodi nafuu. Mimi ni Mkamba wa Machakos, yeye ni Mshi wa Bukavu. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama mawe kwenye mchele. Changu, anasema, ni Kiingereza kilichokopa shati. Hivyo ndivyo tunavyopendana.

Mama yao, Spés, hakuwa amemwona Donati tangu waachane kambini Uganda. Mtoto alipata nafasi ya kuja Amerika mapema. Mama alifika mwaka huo wa 2014, akapokelewa na Clémence huko Lower West Side, tayari ni mgonjwa. Donati alikuwa akingojea likizo ya Krismasi ili aende kumwona. Ugonjwa haukungoja likizo ya mtu.

Siku ile ya kuagana kambini, mama alimshika mikono yote miwili akamwapisha kwamba mikono hiyo isiguse chupa ya pombe. Baba yao aliuawa na kanyanga, ile pombe kali ya kwao. Basi Donati akaapa, na tangu hapo hata keki yenye harufu ya ramu haimpiti kooni. Nilimtania kwa hilo njia nzima, mpaka theluji iliponinyamazisha.

Barabara kuu ilifungwa tukiwa tumebakiza kidogo tu. Gari langu likafunikwa mpaka paa, na mzee mmoja Mzungu aitwaye Walt akatukokota kwa miguu hadi nyumbani kwake. Ajabu ya theluji ya huko, inaanguka kwa ukanda. Kwa Walt ilikuwa imefika madirishani. Kwa Clémence, mwendo mfupi kaskazini, watu walikuwa wanaenda dukani na raba.

Walt alikuwa na pikipiki ya theluji. Ingetuvusha hadi pale theluji inapokatikia, kisha Liberati, mume wa Clémence, atupokee na gari. Lakini mkanda wa mashine hiyo, ule wa mpira unaoisukuma, ulikuwa umekatika asubuhi hiyo, mzee akiwapelekea majirani mkate. Mkanda wa akiba ulikuwepo, mmoja tu, umening'inia kwenye msumari bandani. Kilichokosekana ni mikono ya kuufunga. Vidole vya Walt vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi; vingeshika usukani, lakini si kuvuta mkanda.

Kazi tukaigawa hivi: Walt anasema kwa Kiingereza, mimi nageuza, Donati anafanya. Zima injini utoe ufunguo, kwa maana puli ikizunguka haiulizi kidole ni cha nani. Fungua ubavu wa mashine, toa kinga. Okota nyuzi zote za mkanda uliokufa, kwa sababu uzi ukibaki kwenye puli utaumaliza na huu mpya. Donati alizichokonoa moja moja, kama anayetoa miiba kwenye mguu wa mtoto. Halafu kuna bolti ndefu unayoiingiza kwenye puli ya nyuma. Ukiikaza, sahani zake mbili zinaachana na mkanda unapata pa kupita.

Mkanda wa akiba ulikuwa umekakamaa kwa baridi kama samaki mkavu. Walt akasema ni lazima ulegee kwanza. Nikamgeuzia Donati: "Anasema uulainishe kwanza." Kisha nikamfuata mzee ndani kutafuta tambara safi. Walt alikuwa na maana kwamba auweke karibu na jiko, au autie ndani ya koti, tumboni, upate joto la mwili. Tuliporudi Donati alishamaliza kuufunga na kinga ameirudisha, nami nikamsifu kwamba Wakongo nao siku hizi wana mbio.

Walt akawasha. Injini ikanguruma, mashine haikusogea hata shubiri. Ukaja moshi, na harufu ya mpira unaoungua. Mzee akazima, akafungua, akaugusa mkanda na kunusa kidole. Akaniuliza ni nani aliyeupaka mafuta.

"Si ulisema nilainishe?" Donati aliniambia. "Kwetu kitu ikikauka unapakaa mafuta. Ngozi, kiatu, mulango. Donc kuroyi iko na ubaya gani?"

Kuroyi ndio mkanda kwa Kibukavu. Na mkononi alikuwa na mkebe wake wa vaselini, ule ambao hasafiri bila kuwa nao tangu aonje baridi ya nchi hii. Siku nyingine ningecheka mpaka nikalie theluji. Siku ile nilimtazama usoni, nikamgeuzia Walt jibu lake.

Walt akaeleza kwamba mkanda huo unashika kwa ukavu wake tu. Ukiteleza, hamwendi popote. Tukauvua, tukauosha kwa sabuni na maji moto, bado ukawa na utelezi. Hapo mzee akainua mkono rafuni, akashusha chupa ya pombe kali, nyeupe kama maji. Hii inakata mafuta, alisema, na inakauka upesi.

Donati akaitazama ile chupa. Nikamwambia asimame kando, nitaosha mimi.

"Petit," aliniita, kama mdogo wake, "mafuta nilitia mimi. Nitaitoa mimi."

Akajimiminia viganjani. Aliusugua mkanda kotekote, akasugua na sahani za puli, midomo yake ikisema maneno ambayo sikuyageuza kwa Walt. Safari hii mkanda ulipashwa joto tumboni mwake, chini ya koti. Akaufunga maandishi yakisomeka upande wake, ili uzunguke unavyotakiwa kuzunguka, akaizungusha puli kwa mkono mpaka mkanda ukapanda mahali pake.

Mashine ikaondoka. Walt mbele, Donati nyuma yake, na mimi navutwa kwenye kitoroli cha kuni kama gunia la waru, viazi vya kwetu. Mzee alikwenda polepole. Mkanda mpya haukimbizwi mwanzoni, utaungua. Nilimwona Donati akiinama mbele, kana kwamba kifua chake kingeisukuma mashine. Hakumhimiza mzee hata mara moja.

Liberati alitupokea theluji ilipokatikia, na tulipofika Mama Spés alikuwa macho. Donati akapiga magoti kando ya kitanda, naye mama akamshika mikono yote miwili, kama kule kambini. Akaivuta hadi puani, bado ikinuka pombe. Clémence akainamisha kichwa.

"Donati," mama alisema. "Unakunywaka?"

Nikafungua mdomo, si ndio mimi mkalimani? Donati akanizuia kwa jicho.

"Hapana, mama. Ni kuroyi ndiyo ilikunywa."

Akamsimulia yote, theluji, mashine, vaselini, chupa. Mama alimsikiliza huku bado amemshikilia.

"Ulipakaa kuroyi mafuta?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka. Sauti haikutoka, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Kisha akaiachia mikono ya mwanawe, akamnyooshea yake, mikavu, imepasuka kwa baridi asiyoizoea. Donati akatoa mkebe. Kilichobaki kilikuwa kidogo, akakikwangua kwa kidole na kumpaka, kidole kwa kidole, mpaka viganjani.

Mama akasema neno moja, akafumba macho. Nesi hakukosea.

Kwenye matanga mchungaji aliuliza mama alituachia neno gani la mwisho. Watu walitazamia andiko. Donati akasimama, akajifuta uso, akawapa kama alivyolipokea:

"Alisema, 'Funika mukebe, itakauka.'"