Gololi Isiyofika

Asali ya Minza ilikuwa imekataliwa mara mbili, na ikikataliwa mara ya tatu mizinga yake inateremshwa, sehemu yake ya msitu anapewa mwingine. Kosa lenyewe lilikuwa moja: gololi haifiki chini.

Kipimo cha ghala la Gongoni kilikuwa rahisi. Karani Silasi alijaza asali kwenye bomba la kioo, akadondosha gololi ya chuma, akahesabu kwa saa yake. Asali iliyotiwa maji, gololi ilipita mbio. Asali nzito, gololi ilishuka kwa dakika moja na ushee. Waingereza waliipenda nzito.

"Shikamoo, mama. Leo umetia gundi?"

"Marahaba. Nyuki hawanunui gundi, karani. Mizinga ni ya mume wangu Shilinde, aliitundika mwenyewe kando ya njia ya misafara. Dondosha."

Gololi ilianza kushuka. Kwenye alama ya kwanza ilisimama, ikapumzika, ikaondoka. Kwenye ya pili ilihama kutoka kushoto mwa bomba ikaenda kulia.

"Amebadili bega," alisema Mabruki, mlinzi wa mlango, huku anatafuna muhogo. Naye alibebeshwa mizigo ya jeshi wakati wa vita, kundi moja na Shilinde.

Silasi alisogeza sikio kwenye kioo. Mle ndani mtu alikuwa anahema, kama anayepanda kilima. Akaendelea kuhesabu, maana saa ilikuwa inakwenda.

Kwenye alama ya nne gololi ilisimama. Kuhema kukakoma.

"Hapo ni wapi?" Minza alimuuliza Mabruki.

"Sijui, shemeji. Mimi waliniacha kambi ya nyuma, naharisha."

Silasi alingoja mpaka adhuhuri. Akapindua bomba, haikutoka asali wala gololi. Akachovya kalamu, akaandika: Haikufika.

"Na bomani waliandika hivyo hivyo," alisema Minza. "Shilinde hakufika. Basi wakamwita mtoro. Andika alikufa njiani, karani. Si umemsikia?"

"Nimemsikia, mama. Fomu haina nafasi hiyo."

Minza alikaza kanga kiunoni, akaomba apewe lile bomba akalizike. Akapewa. Lilikuwa na urefu wa mkono, lakini wanaume wanne ndio walioweza kulinyanyua.

Kwa jumla vilipotea bomba moja, gololi moja, madebe matatu ya asali na mizinga kumi na tisa. Bomani, Shilinde bado ni mtoro.