Bunduki ya Marehemu Mihayo

Mume wangu Mihayo alipofariki, aliniachia watoto wanne, ng'ombe wachache na bunduki ya kuwindia yenye kibali cha jina lake. Watoto na ng'ombe nilijua la kufanya nao. Bunduki ndiyo iliyonivuruga, hata kumlilia marehemu sikupata nafasi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, na barabara yetu ya Lusahunga ikawa ya majambazi. Ikatangazwa kwamba atakayekutwa na silaha isiyo yake ni jela. Nikaenda kituo cha polisi kuuliza. Koplo akasema kukaa nayo ni kosa, kwa sababu kibali si changu, niilete. Nikauliza, je, nikiibeba njiani? Akasema hilo nalo ni kosa. Nikamwambia, basi njooni muichukue wenyewe. Akacheka, akasema gari halina mafuta.

Nikarudi kichwa kikizunguka. Nikikaa nayo jela, nikitoka nayo jela, na wanangu nimwachie nani?

Jirani yetu Pancras, mwenye pikapu ya kubebea ndizi, ndiye aliyenionea huruma, akakubali kunipeleka kituoni na bunduki.

"Lakini tufanye kama alivyofanya marehemu, dada," akaniambia.

Mihayo hakuwahi kuingia garini na bunduki yenye risasi. Nami nikazitoa, nikachungulia mtutu mara mbili. Kopo la risasi akakaa nalo Pancras kule mbele. Mimi nikapanda nyuma na bunduki, imefungwa turubai.

Kizuizi cha kwanza, askari akafoka, "Mbona mmeificha?" Tukafungua turubai. Kizuizi cha pili, "Mbona mnaitembeza wazi hivi?" Tukafunga. Wa tatu aliona risasi kwa Pancras na bunduki kwangu, akauliza jambazi ni yupi kati yetu. Nikamwambia hata mimi sina uhakika tena. Akatutazama sana, kisha akainua kamba.

Kituoni nikamkuta koplo yule yule. Aliikagua bunduki, akazihesabu risasi, akaridhika kabisa.

"Safi. Sasa mwenye kibali aje aikabidhi mwenyewe."

"Afande, nilikwambia. Mwenye kibali tumemzika."

"Basi rudi nayo nyumbani, mama, mpaka tupate maelekezo."

Nikaketi kwenye benchi, bunduki mapajani. Pancras akaninong'oneza tuondoke. Sikuondoka. Watu walikuja na shida zao, wakahudumiwa, wakaenda. Mchana koplo akachoka kunitazama.

"Mama, hutaki kwenda kwako?"

"Nikitoka mlangoni na hii bunduki, nani atanikamata?"

Akafikiri kidogo. "Sisi."

"Basi nikamateni hapa hapa. Mniokolee nauli."

Akaichukua bunduki, akaingia nayo chumba cha ndani. Aliporudi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeibiwa, akaniambia niende zangu. Sikuuliza ameiandika kwa jina la nani.

Njiani tukasimamishwa tena kwenye kile kizuizi cha tatu. Askari akachungulia nyuma, akaona turubai tupu.

"Mama, sasa umebeba nini tena?"

Nikatazama mikono yangu. Ile bunduki Mihayo alikuwa akiipaka mafuta kila Jumapili, ameketi mlangoni, akiimba vibaya.

"Sina kitu, mwanangu," nikasema, na kilio kikanitoka cha kutosha msiba mzima.

Yule askari alichanganyikiwa. Alimtazama Pancras, akanitazama mimi, akavua kofia.