Bendera ya Kona ya Muhogo

Brightson, mwenyekiti wa klabu yetu, alinipigia simu akitaka niandike historia ya uwanja wa mbio za magari. Mwenye eneo alishaanza kupima viwanja vya nyumba, na kabla greda halijaingia wanachama walitaka kukutana mara ya mwisho na kuchapisha kijitabu.

"Wewe ni mwalimu, Revelian," alisema. "Halafu ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Nimwambie nani mwingine?"

Kurasa za mwanzo hazikunisumbua. Nilieleza jinsi tulivyoanza mwaka 2004, watu saba wenye Corolla chakavu, ndani ya shimo lililoachwa na wachimba kifusi huko Kigamboni. Daraja halikuwepo, tulivusha magari kwa pantoni, mengine tukiyavuta kwa kamba. Njia ilikuwa ya udongo, mita mia tisa tu kwa mzunguko, na kona tulizipangia matairi mabovu ya malori. Kona ya mwisho ilipakana na shamba la muhogo. Kila mara mmoja wetu aliacha njia akaenda kung'oa mihogo ya watu kwa bampa, kwa hiyo tukaiita Kona ya Muhogo. Nilicheka peke yangu mezani nikiyaandika hayo.

Kisha nikafika mwaka 2011, nikashindwa kuendelea.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa wa tatu. Augustine, aliyekuwa akiongoza, alipinduka Kona ya Muhogo, akawa anajitoa kupitia dirishani. Mshika bendera wa kona ile alikuwa Flaviana, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo uwanjani kwetu. Aliinua bendera ya njano: kuna hatari, punguza mwendo. Niliiona. Nilimwona hata yeye mwenyewe usoni, mdomo wazi, akinipigia kelele. Lakini mbele yangu alikuwa amebaki dereva mmoja tu, nikasema moyoni, nimpite huyu kwanza. Nikaingia kwenye vumbi lake nikikanyaga mafuta. Niligonga gari la Augustine, likambana. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Katika kikao cha klabu niliulizwa kuhusu bendera.

"Haikuwa juu," nilisema. "Aliinua nimeshapita."

Flaviana alisimama. Hakupaza sauti. "Kaka Revelian, si tuliangaliana?"

Nikatazama sakafu. Wakamwondoa Flaviana kwenye kazi ya bendera. Wiki ile ile mama yake Augustine alimtukana hospitalini mbele za watu, akimwita muuaji, na mimi nilikuwa nimesimama palepale na mfuko wa machungwa mkononi.

Sasa, kwenye kompyuta, niliandika kama klabu ilivyozoea kusema: ajali ilitokea kwa uzembe wa mshika bendera. Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaifuta. Siku ya tatu nikaenda mtaa wa Mtoni, ambako niliambiwa Flaviana ni fundi cherehani.

Nilimkuta barazani anashona sare za shule. Aliponitambua akainuka.

"Shikamoo kaka Revelian! Umepotelea wapi?"

Niliitikia marahaba. Nilijiandaa kwa matusi. Sikujiandaa kwa furaha ile. Alinivutia kiti, akarudi kushona huku akiuliza habari za nyumbani, kisha akauliza taratibu, "Na Augustine, hajambo?"

"Hajambo. Anatembea na magongo."

"Kipindi kile nilikuwaga nampelekea uji hospitali. Siingii wodini, namwachia nesi getini."

"Kwa nini?"

Alinishangaa. "Si mie niliyemponza? Mwanzoni nilikuwaga nabisha, nasema niliinua mapema. Lakini watu wazima wote wanakwambia umechelewa, na dereva mwenyewe anasema hivyohivyo. Mwishowe nikaona labda macho yangu ndiyo yamenidanganya. Mpaka leo nikiwavusha wanangu barabara siyaamini. Naangalia mara tatu, mara nne, wenyewe wananicheka."

Nilisogeza kiti karibu na cherehani.

"Flaviana, uliinua mapema."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli ya cherehani. "Unasema?"

"Niliiona bendera. Tuliangaliana kama ulivyosema. Nilidanganya. Sasa uwanja unafungwa, tutakutana Jumamosi, na mimi ndiye ninayeandika historia yake."

Alichukua shati dogo lililokuwa mapajani, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka kumi na mitatu," alisema. "Nilikuwa najua, ukanifanya nisijue."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniombe kitu sasa hivi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umekuja kwa vile uwanja unafungwa. Ungekuwa haufungwi, ungekuja?"

Akaliweka shati pembeni.

"Basi andika. Usinipambe, usiseme nilikuwa binti mzuri mwenye bidii. Andika bendera ilikuwa juu na wewe uliiona. Halafu ukawasomee kwa mdomo wako."

"Utakuja?"

"Nina nguo za watu," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi tulikutana uwanjani chini ya turubai. Kulikuwa na pilau, na madereva wa zamani walikuja na familia zao. Nilianza kusoma. Kwenye mihogo watu walicheka sana. Nilipofika mwaka 2011 nilisoma kama nilivyoagizwa, bila kuongeza, na sikuthubutu kuinua macho mpaka mwisho wa ukurasa.

Nilipoyainua, hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa Augustine. Brightson alinisogelea akaninong'oneza, "Ishu kama hii si ungenishtua kwanza? Tutaitoa kwenye kijitabu."

"Ukiitoa, na jina langu toa," nilimwambia.

Augustine alijiinua kwa magongo yake. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningemwacha anipige. Alisimama mbele yangu.

"Mama yangu amekufa anamlaani yule dada," alisema. "Anakaa wapi?"

Nilimwelekeza Mtoni, nikamwandikia kwenye kikaratasi namba ya simu iliyobandikwa barazani kwake. Alipokea kile kikaratasi, akaondoka bila kula.

Kijitabu kilichapishwa, ukurasa ule ukiwemo. Baadaye nilisikia kwamba Augustine alikwenda Mtoni Jumanne yake, akakaa barazani kwa Flaviana tangu asubuhi hadi adhuhuri. Walizungumza nini, sijui. Nimekutana na Augustine mara mbili tangu hapo. Tunasalimiana, na kila mara mimi ndiye ninayeanza kutazama pembeni.