Siku Maha Alipoingia Ukumbini

Kaka yangu Saeed alijaaliwa mtoto mmoja tu, Maha. Mkewe alipofariki, mtoto bado hajaanza skuli, nilihamia nyumbani kwao, mtaa wa Al Khuwair, Maskati, kumlea. Mimi naitwa Nunu. Tulizaliwa Pangani, mimi na Saeed, tukaja Maskati miaka ya sabini tukiwa vijana. Yeye akafungua karakana ya madirisha ya alumini kule mtaa wa Ghala, mimi nikashona nguo. Haya nitakayoyaeleza mengine niliyaona, mengine niliambiwa na waliokuwepo.

Mwaka 2002 Maha alipata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi, idara ya umeme. Chuo kile, au kulliya kama tunavyosema sisi, kilijengwa zamani kwa ajili ya wavulana. Wasichana walipoanza kupokelewa walikuwa wachache, wakitembea kwa makundi huku wameshikana mikono. Lakini mambo yakageuka kimyakimya. Wavulana wakawa wakimaliza skuli wanakwenda jeshini, polisi au kwenye kampuni za mafuta, na wenye wazee wenye uwezo wakapelekwa ng'ambo. Wasichana hawakuwa na mlango mwingine ulio wazi, wakausukuma huo mmoja. Maha alipoingia, kwa kila mvulana mmoja palikuwa na wasichana watatu, na katika baadhi ya madarasa wanne.

Wavulana na wasichana hawakuzungumza. Hakuna aliyewakataza kwa maandishi, lakini kila mtu alijua. Kila upande ulikuwa na mlango wake wa kuingilia darasani, wavulana wakikaa mbele na wasichana nyuma. Mvulana akitaka kuazima kitabu kwa msichana, alimtuma mwalimu. Msichana akionekana anacheka na mvulana kwenye maegesho ya magari, habari ilifika kwao kabla yake.

Na msidhani wale wavulana wachache walifurahia. Watu wa nje waliwatania kwamba wanaishi peponi, kumbe wao walipita wamejibana ukutani, macho chini, kama wageni waliokuja harusini siku siyo. Timu yao ya mpira ilikuwa haitimii mpaka waombe wachezaji chuo cha jirani. Upande wetu sisi wazee nako kulikuwa na wasiwasi wake. Kila harusi niliyokwenda nilisikia kina mama wakiulizana: mabinti wote hawa wenye vyeti wataolewa na nani?

Jambo lililoleta maneno lilikuwa chakula. Ukumbi wa kulia ulikuwa wa wavulana tangu chuo kilipojengwa, na ulibaki wao. Wasichana walipewa dirisha dogo upande wa nyuma, wanapanga foleni, wanachukua sahani, kisha kila mmoja anajitafutia pa kukaa. Walikuwa wakikaa chini ya ngazi kubwa ya jengo la maabara, sakafuni, mabuibui yao yametandazwa kama mikeka. Maha alizowea kuchukua katlesi na vitumbua vyangu, mwenzake huyu analeta mkate wa ufuta, yule sambusa, wanakula pamoja. Alikuwa akirudi nyumbani ananipa habari zote za chini ya ngazi: nani kachumbiwa, nani kafeli, nani kagombana na mama mkwe. Nilikuwa nikizisubiri kila alasiri.

Aliyekuwa akiwapakulia pale dirishani ni Violeth, dada wa Kitanzania kutoka Bukoba. Aligundua kwamba Maha anajua Kiswahili, wakawa marafiki. Ni Violeth aliyemwambia Maha jinsi ukumbi ulivyo ndani. "Mdogo wangu, humo kuna meza tupu mpaka nasikia sauti ya kijiko changu," alisema. "Wale kaka wanakaa kona moja tu, karibu na feni. Kwingine kote napiga deki bure."

Maha alipokuwa mwaka wa pili, uongozi ulisema ngazi zinazibwa na watu, na moto ukitokea itakuwa balaa. Neno hilo lilikuwa kweli. Lakini waliposema wasichana wasikae pale tena, hawakusema wakae wapi. Wakahamia nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na ilikuwa tayari mwezi wa tano. Anayeijua Maskati anajua jua la mwezi wa tano.

Maha alikuwa na rafiki yake mkubwa, Sabah, msichana mwembamba mwenye maradhi ya selimundu, yale ya damu ambayo joto na ukosefu wa maji huyaamsha. Siku ya tatu ya kula nje, Sabah alianza kulalamika mifupa inamuuma. Kabla wenzake hawajamaliza kula alikuwa amejikunja chini, analia bila ya sauti. Walimbeba wao wenyewe mpaka kwenye gari, akapelekwa hospitali, akalazwa. Maha alirudi nyumbani buibui limejaa vumbi, hakunipa habari yoyote. Alikwenda moja kwa moja chumbani.

Siku iliyofuata alikwenda na wenzake wawili kwa mkuu wa chuo. Mzee yule aliwapokea kwa adabu, akawasikiliza, akasikitika juu ya Sabah. Akasema ukumbi ule ni haki ya zamani ya wavulana, na yeye hawezi kuwanyang'anya. Wakikubali wenyewe, atakubali na yeye. Maha akamuuliza watawaulizaje watu wasioruhusiwa kuzungumza nao. Mzee akatazama karatasi zake, akasema hilo wataliangalia muhula ujao.

Usiku ule ule Maha alitutamkia baba yake na mimi kwamba atakwenda kuwauliza mwenyewe, ndani ya ukumbi, saa ya chakula.

Mimi nilishtuka, na nilikuwa na sababu. Wiki chache nyuma watu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos walikuwa wamekuja kumposa. Mama wa mposaji, Bi Kheiria, alimtaka kwa mwanawe Abdulrazak, kijana wa benki, mstaarabu, na Maha alimpenda. Hakunambia, lakini niliona namna alivyokuwa akijibu simu. Tulikuwa tumekubaliana kimsingi, bado kutaja siku tu. Nikamwambia Maha kwamba neno la msichana kuingia ukumbi wa wanaume halitasimama pale chuoni. Litapanda gari, litafika Madinat Sultan Qaboos.

"Nnajua, shangazi," alisema. "Lakini Sabah akitoka hospitali atarudi kukaa pale pale juani."

Kaka yangu si mtu wa maneno. Kazini kwake watu walimwogopa kwa ukimya wake. Alimuuliza binti yake atasema nini. Maha akamwambia. Akamtaka aseme tena, polepole. Maha akasema tena. Saeed akatikisa kichwa kukubali.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ila usiingie kwa mlango wa jikoni. Ingia kwa mlango wa mbele, watu wakuone."

Yaliyotokea mchana wa siku ya pili yake nilihadithiwa na Violeth, kwa sababu Maha mwenyewe kila nikimuuliza alisema hakumbuki. Violeth alikuwa anapakua wali mlango ulipofunguliwa. Maha akaingia peke yake, mabuku kifuani, mtandio umekaa sawasawa. Wenzake walikuwa wamejazana nje, wanachungulia kupitia vioo. Wavulana waliacha kula. Mmoja alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

Maha aliwatolea salamu. Wakaitikia, maana salamu haikataliki. Akawaambia kwa Kiarabu kwamba hakuja kugombana wala kulalamika. Mwenzao mmoja yuko hospitali kwa sababu ya kula juani. Humu ndani kuna nafasi, nje hakuna. Wasichana hawaombi ukumbi wote, wanaomba upande ambao hakuna anayeukalia.

"Mkuu wa chuo amesema hii ni haki yenu," alimalizia. "Kwa hiyo nimekuja kwa wenye haki."

Violeth alisema alishika upawa hewani, wali unapoa. Miongoni mwa wavulana wale alikuwepo mmoja, Asaad, ambaye wasichana walimwogopa kwa ulimi wake; alikuwa akiwabandika majina watu. Asaad ndiye aliyesimama. Maha aliniambia baadaye kwamba hicho tu ndicho anachokikumbuka, Asaad anainuka kitini.

"Dada yangu ana maradhi hayo hayo," Asaad alisema. "Huyo mgonjwa anaendeleaje?"

Maha akamjibu kwamba hajambo kidogo. Asaad akaomba Mungu amponye. Kisha akachukua sahani yake, akahamia meza ya mwisho kabisa, upande wa jikoni, na wenzake wakainuka mmoja mmoja kumfuata. Walijipanga meza chache za upande ule, wakaendelea kula. Maha akageuka, akafungua mabawa yote mawili ya mlango wa mbele, akawapungia mkono wenzake. Violeth alisema wasichana walipoanza kuingia hakujua kama apakue au alie, akafanya yote mawili.

Uongozi uliweka pazia la mbao kati ya pande mbili, na hakuna aliyelipinga. Mambo yalibadilika kidogo kidogo kuzunguka pazia hilo. Kwanza ikawa kuulizana tarehe za mitihani, mtu akisema kwa sauti upande huu na kujibiwa upande wa pili. Kisha karatasi za masomo zikapita juu yake. Sabah aliporudi alikuta kiti kimewekewa mto. Mwisho wa mwaka timu ya mpira ilicheza mbele ya ukuta mzima wa mabuibui meusi yakishangilia, na wachezaji wale wachache, niliambiwa, walikimbia kama wendawazimu. Walifungwa, lakini walikimbia.

Neno lilifika Madinat Sultan Qaboos kama nilivyosema. Bi Kheiria alikuja kwetu mwenyewe, amevaa vizuri, na sitamsema vibaya, maana alikuja mchana na kuuliza mbele yetu badala ya kutusengenya. Alisema amesikia kwamba Maha aliingia kwa wanaume akawahutubia. Mwanawe hana neno, lakini yeye kama mama ana haki ya kujua, kwani watu wanazungumza.

Nilimtazama kaka yangu. Nilitaraji alainishe maneno, kwa ajili ya mtoto.

"Ni kweli, Bi Kheiria," Saeed alisema. "Aliingia, na mimi nilijua. Watu wakikuuliza, waambie baba yake ndiye aliyempa ruhusa."

Bi Kheiria alimaliza kahawa yake, akatushukuru, akaondoka. Posa haikuendelea. Abdulrazak alipiga simu mara moja kuomba radhi, na baada ya hapo hakupiga tena. Maha aliumia, nisiseme uongo. Siku nyingi alikula kidogo, na nilimsikia akizungumza na Sabah kwa sauti ya chini. Lakini hata siku moja hakusema kwamba asingekwenda. Nami nilikuwa na hasira na mwanamme yule, kisha nikamwonea huruma. Nikaona kwamba aliyepungukiwa pale si sisi.

Mwaka 2005 walihitimu. Ukumbi wa sherehe ulijaa safu kwa safu wasichana, na wavulana katika safu mbili za mbele, wamevaa dishdasha, kanzu nyeupe za hapa, na vilemba. Jina la Maha lilisomwa katika idara ya umeme, wa kwanza, na alikwisha kupata kazi kwenye kampuni ya umeme. Makofi yalianza kule mbele, kwa wavulana, kabla hata ya wasichana. Saeed alisimama. Nilimvuta dishdasha akae, watu wa nyuma hawaoni, akakataa kukaa.

Tulipotoka, mzee mmoja tusiyemjua alimjia kaka yangu akamshika mkono. Alijitambulisha kuwa baba yake Asaad. Akasema mwanawe aliwahadithia siku ile, na kwamba dada yake Asaad ameingia chuo hicho mwaka huu na anakula ndani.

"Wewe ndiye Abu Maha?" alimuuliza.

Kwa desturi za hapa mwanamme huitwa Abu, yaani baba, wa mwanawe wa kiume, na kaka yangu, kwa kukosa mtoto wa kiume, miaka yote aliitwa Saeed tu. Alinyanyua kidevu.

"Ndiye mimi," alisema, na hakumwachia mzee yule mkono wake.